Nakala Isiyojaribiwa Si Nakala

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika wetu, agenda ya nne: Utunzaji wa kumbukumbu za kompyuta. Yameandikwa hapa ukutani ili na wale ambao hawakufika wayapate.)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya agenda ya nne. Wako walioniuliza, "Katibu, wewe na mambo ya kompyuta wapi na wapi?" Ni swali la haki. Mimi si fundi. Kusoma kwenyewe nilikujulia katika darasa la watu wazima, pamoja na baadhi yenu mlio hapa. Lakini darasa lile lilitufundisha jambo moja ambalo hata mafundi wa kompyuta wanalisema: lisiloandikwa hupotea. Nao wanaongeza la pili: lililoandikwa mahali pamoja tu, nalo hupotea. Hilo la pili ndilo nimekuja kulisema.

Tuanze na mali yenyewe. Ndani ya ile kompyuta ya ofisini mna nini? Mna jina la kila mwanachama na hisa zake. Mna kilo za pamba za kila mtu tangu tulipoacha lile daftari kubwa. Mna deni la mbegu na dawa, limelipwa kiasi gani na limebaki kiasi gani. Mna malipo, nani kalipwa na nani bado. Kompyuta ile ni chuma na plastiki tu. Ikifa tutajichanga tununue nyingine. Lakini kilo zako haziuzwi dukani.

Sasa fikirini siku kumbukumbu hizo zikipotea. Nani ataumia? Mwenye pamba nyingi ana watoto waliosoma, ana daftari lake nyumbani, ana sauti mkutanoni. Akisema alileta kilo elfu mbili, atasikilizwa. Je, mama mjane aliyeleta kilo tisini, na stakabadhi yake ikalowa mvua, atasikilizwa na nani? Hesabu ikipotea, kinachobaki ni ugomvi, na katika ugomvi mnyonge hashindi. Kwa hiyo jambo hili si la karani peke yake. Ni la kila mtu mwenye jina humo ndani.

ADUI WA KUMBUKUMBU

Kumbukumbu za kompyuta zina maadui wengi. Kuna mwizi, kuna moto, kuna radi, kuna umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Kuna diski yenyewe kuchakaa, maana ni chombo kama vyombo vingine. Kuna virusi, yaani programu mbaya zinazoingia kwa flashi ya mtu au kwa intaneti. Vingine siku hizi vinafunga mafaili yako yote kwa kufuli usiloliona, halafu mwenyewe anadai fedha ndipo akupe ufunguo. Na kuna adui anayesahauliwa, naye ni mkono wa binadamu aliyechoka. Anataka kufuta hiki, anafuta kile.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa mambo mengi. Lakini akiba ya kompyuta, ndugu zangu, huoza. Unaweza kuweka diski kabatini miaka mitatu ukijua una nakala, na siku ya shida ukiichomeka haisomeki. Au inasomeka, kumbe ndani hamna kitu.

Ili msidhani nawatisha, nitawapa mifano mitatu ya mambo yaliyotokea kweli. Yamewapata wakubwa wenye fedha na mafundi. Sisi wadogo tujifunze bure.

MFANO WA KWANZA: UMEME WA GHANA

Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, mnaijua hata kama hamjui kuwa mnaijua. Jina lake limeandikwa kwenye makontena yanayobebwa na malori kutoka bandarini. Tarehe 27 Juni 2017 kompyuta zake zilivamiwa na virusi vilivyoitwa NotPetya. Virusi hivyo vilianzia Ukraine, ndani ya programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na makampuni mengi ya huko. Angalieni hapo: programu ya hesabu, kama hii yetu. Kwa saa chache tu kompyuta za kampuni zilizimika nchi baada ya nchi. Bandarini malori yakapanga foleni, na watu wakarudia kalamu na karatasi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kampuni ile ilikuwa na kompyuta-mama karibu 150, zenye orodha ya nani ni nani na anaruhusiwa kufungua mlango gani. Bila orodha hiyo huwezi kuanza kujenga upya. Kompyuta hizo zilikuwa zinapeana nakala zenyewe kwa zenyewe, kila wakati. Wakaona inatosha, moja ikifa ziko nyingine. Kumbe zote zilikuwa zimeunganishwa, na virusi vikazifagia zote kwa mpigo.

Ilibaki moja tu. Ilikuwa Ghana. Ilipona kwa nini? Kwa sababu kabla virusi havijafika, umeme ulikatika, kompyuta ile ikawa imetoka mtandaoni. Sisi umeme ukikatika tunanung'unika. Siku ile kukatika kwa umeme kuliiokoa kampuni kubwa ya dunia.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Njia ya intaneti ya ofisi ile ilikuwa nyembamba mno, kutuma yote Uingereza kungechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi wakapokezana kama kijiti cha mbio. Mmoja akasafiri hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Baadaye mwenyekiti wa bodi yao, Jim Hagemann Snabe, alieleza kuwa walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300.

Fundisho lake ni hili. Nakala inayoungana na kumbukumbu ya asili muda wote ni kama kioo. Ukijipaka masizi usoni, kioo nacho kinaonyesha masizi. Diski mbili ndani ya kompyuta moja zinazoandika pamoja, hicho ni kioo. Huduma ya intaneti inayofuata kila unachofanya, ukifuta huku nako kunafutika, hicho nacho ni kioo. Sisemi kioo hakifai. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Lakini kioo si nakala. Nakala ni ile uliyoichomoa ukaiweka mbali, isiyojua kilichotokea leo.

MFANO WA PILI: NDOO TANO, ZOTE ZIMETOBOKA

Kuna kampuni inaitwa GitLab. Kazi yake ni kuwatunzia watengenezaji wa programu kazi zao. Yaani hao ni watunza kumbukumbu hasa. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wao mmoja alikuwa akihangaika na hitilafu. Alitaka kufuta mafaili katika seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva yenyewe ya kazi. Alipogutuka na kusimamisha, kati ya gigabaiti karibu 300 zilikuwa zimebaki kama 4 na nusu.

Mtasema, si walikuwa na nakala? Walikuwa na njia tano za kutunza nakala. Walipozikimbilia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotarajia. Kuna nakala iliyopaswa kutengenezwa kila siku. Walipofungua mahali ilipotakiwa kuwekwa, pakawa patupu. Programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kwa muda, na barua za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani, hakuna aliyezisoma. Ni sawa na mlinzi anayepiga filimbi usiku kumbe filimbi haina sauti.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi huyo huyo aliitoa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Walirejea kazini baada ya saa kama 18, na kazi ya watu ya saa sita ikapotea moja kwa moja. Jambo moja nawasifu: hawakuficha. Walieleza yote hadharani, na hawakumtupia fundi wao mzigo wote. Walisema kosa ni la utaratibu, maana hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuhakikisha nakala zinarejesheka. Hilo tulishike. Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

MFANO WA TATU: JENGO MOJA

Huu ni wa karibuni. Tarehe 26 Septemba 2025 huko Daejeon, Korea Kusini, moto ulianzia kwenye betri ndani ya kituo cha kutunzia data za serikali. Mamia ya huduma za serikali yalisimama. Nyingine zilirudi. Lakini hifadhi moja ya watumishi wa serikali, iitwayo G-Drive, yenye terabaiti 858, iliungua yote. Haikuwa na nakala nje ya jengo lile. Walisema ilikuwa kubwa mno kunakiliwa nje. Sisi kumbukumbu zetu zote zinaingia kwenye diski inayotosha mfukoni. Hatuna hata kisingizio hicho.

SISI TUFANYEJE?

Wala si mambo mageni. Ushirika uliyajua haya kabla ya kompyuta. Itazameni stakabadhi ya mizani. Karani anaandika mara moja, lakini kwa karatasi ya kaboni zinatoka tatu. Moja unakwenda nayo wewe, moja inabaki kitabuni, moja inakwenda kwa mhasibu. Ofisi ikiungua, yako iko nyumbani. Nyumba yako ikiungua, ya ofisi ipo. Aliyebuni utaratibu ule hakuwa mjinga.

Mafundi wa kompyuta wana msemo wao wa tatu, mbili, moja, uliosambazwa na mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh. Tatu: kumbukumbu ziwe mahali patatu, pamoja na pale pa kazi. Mbili: ziwe katika vyombo vya aina mbili, ili kasoro ya aina moja isiue zote. Moja: angalau moja iwe nje ya jengo. Sisi tuongeze letu: hiyo ya nje iwe imechomolewa, kama ile ya Ghana, ila kwa kupanga, si kwa bahati.

Halafu kuna utaratibu wa zamani uitwao babu, baba na mwana. Mwana ni nakala ya kila siku. Baba ni ya kila wiki. Babu ni ya kila mwezi. Mwana akishazunguka wiki, tunaandika juu yake. Baba anakaa mwezi. Babu haguswi mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe.

Mtaniuliza, babu wa nini wakati mwana ndiye mpya? Nitawajibu. Makosa mengine hayaonekani siku hiyo hiyo. Leo kilo zako 310 zilizokuwamo tayari zimegeuzwa 130 kwa kuteleza kidole. Wewe unakuja kugundua wiki tano baadaye siku ya malipo. Nakala zote za siku na za wiki zimeshabeba kosa lile lile. Ni babu peke yake anayekumbuka ilivyokuwa mwanzo. Wazee mnaelewa nasema nini.

Yapo madogo yanayoua makubwa, nayo tuyataje. Kwanza, karani afunge programu ya hesabu kabla ya kunakili. Faili linaloandikwa huku likinakiliwa laweza kutoka nusu nusu. Pili, flashi tusiifanye tegemeo. Ni ndogo, inasahaulika mfukoni, na leo iko ofisini kesho iko kwenye redio ya pikipiki. Tatu, pamoja na hesabu tunakili pia ile programu inayozisomea, na karatasi ya maelekezo ya kuisimika. Nakala bila programu ni barua kwa lugha asiyoijua mtu. Nne, diski zifungwe kwa neno la siri. Humo mna majina yetu, simu zetu na madeni yetu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, deni la mtu si habari ya kijiweni. Neno lenyewe liandikwe, litiwe katika bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwa Mwenyekiti na moja kwa Mweka Hazina. Bahasha isikae pamoja na diski. Na neno hilo asilijue karani peke yake, maana karani naye ni binadamu, anaugua, anahama.

KUREJESHA NDIYO KAZI

Sasa nafika kwenye kiini. Kunakili si kazi. Kurejesha ndiyo kazi. Kunakili ni kuchimba kisima. Kurejesha ni kuteka maji. Mtu hasifiwi kwa shimo.

Ninapendekeza kila miezi mitatu, na lazima kabla ya msimu wa ununuzi, tufanye jaribio. Tuchukue diski ya nje ya jengo, tuichomeke kwenye kompyuta nyingine, si ile ya ofisini. Kujaribu juu ya ile ya kazi ni hatari. Jaribio likiharibika limeharibu vyote. Tuanze kama watu ambao kompyuta yao imeibwa usiku uliopita. Karani asimike programu, arejeshe kumbukumbu, na mjumbe mmoja wa Bodi aangalie saa: imechukua muda gani?

Halafu tuhakiki. Idadi ya wanachama ni ile ile? Jumla ya kilo za msimu ni ile ile? Madeni yanalingana? Kisha, na hapa ndipo wanachama wote mnaingia, tupige kura ya vikaratasi tupate majina matano. Watano hao walete stakabadhi zao za karatasi. Kilicho kwenye karatasi na kilicho kwenye kompyuta iliyorejeshwa vilingane kilo kwa kilo. Visipolingana, jaribio limeshindwa, hata kama fundi anasema taa zote ni za kijani.

Swali jingine ni hili: tuko tayari kupoteza kazi ya siku ngapi? Msikimbilie kusema hata moja, maana kila jibu lina gharama yake. Wakati wa ununuzi, mizani inafanya kazi kutwa. Tukinakili kila jioni, ajali ikitupata mchana tutapoteza kazi ya siku hiyo tu, na hiyo tutaiandika upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi. Tukinakili kila wiki, tutaandika upya ya siku sita, na mkulima atasubiri malipo. Kwa hiyo msimu wa pamba iwe kila jioni. Miezi mingine, kila Ijumaa inatosha. Na vitabu vya karatasi visitupwe eti kwa sababu sasa tuna kompyuta. Karatasi ni nakala isiyohitaji umeme.

MAAZIMIO NINAYOLETA MKUTANONI

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano ujadili na kupiga kura juu ya haya:

1. Ushirika ununue diski za nje tatu. Bodi ilete bei za maduka matatu, tuzione hapa hapa ukutani.

2. Diski moja ikae katika kasha la chuma la ofisini, imechomolewa. Ya pili ikae nje ya kitongoji hiki, mahali penye kufuli, na kila Ijumaa zibadilishane. Ya tatu iwe ya mwezi, yaani babu. Nasema mapema, nyumbani kwangu isiwekwe hata moja. Mali ya ushirika haikai chini ya kitanda cha kiongozi.

3. Nakala nyingine itumwe katika huduma ya intaneti inayotunza matoleo ya zamani, ikiwa imefungwa kwa neno la siri kabla haijatoka hapa. Fundi atueleze gharama kwa mwaka kabla hatujakubali.

4. Karani awe mwenye kunakili. Mjumbe mmoja wa Bodi awe mwenye kuhakiki. Asiwe mtu mmoja kwa kazi mbili.

5. Katika gazeti hili la ukutani iwepo kona ya kudumu yenye mistari miwili: "Nakala ya mwisho ilitolewa tarehe..." na "Jaribio la mwisho la kurejesha lilifanyika tarehe..., lilichukua saa..., lilifaulu au halikufaulu." Sahihi mbili chini yake. Likishindwa liandikwe limeshindwa. Aibu ya ukutani ni nafuu kuliko hasara ya ghalani.

Wako watakaosema fedha hizo bora tununulie maturubai. Maturubai tunayahitaji, sikatai. Lakini turubai likichanika unaliona. Nakala ikichanika huioni mpaka siku umelowa. Ndiyo maana nataka ile mistari miwili iandikwe mahali ambapo kila mtu atapita na kuiona, hata yule anayesoma kwa kufuata herufi na kidole. Akikuta tarehe ni ya zamani, ana haki ya kuingia ofisini na kuuliza, na ni lazima ajibiwe kwa heshima.

Maswali yaanze. 

(Ndugu msomaji: kura za maazimio haya zitapigwa mkutano ujao, siku itatangazwa na Mwenyekiti. Soma, halafu umsomee jirani yako asiyejua kusoma. Na stakabadhi yako itunze pakavu.)